Watoto wa Tumbo Moja Hawapandi Chombo Kimoja

Kwetu, watoto wa tumbo moja hawapandi chombo kimoja. Pikipiki, gari, lori la mchele, pandeni wote hata mkaliane mapajani. Lakini kwenye maji, hapana. Mmoja anaenda leo, mwingine kesho. Mmoja anapanda boti ya mbele, mwingine ya nyuma. Nimekulia Kasenga, mtaa wa Uvira, ziwa lenyewe unalisikia ukiwa jikoni, na mpaka naolewa sikuwahi kukaa ndani ya mtumbwi pamoja na kaka yangu.

Watu walitucheka sana. Mama yangu mdogo alipoolewa katika mji wa Baraka, kusini kwetu, sisi upande wa bibi harusi tulishuka na mitumbwi mingi hivi kwamba wenye harusi waliogopa, wakadhani Uvira nzima imekuja kula. Kumbe tulikuwa wachache tu, wengine wamekaa peke yao na mpiga kasia kama wakubwa wa serikali. Shemeji mmoja akauliza kama tunanuka, ndiyo maana hatukaribiani. Mama yangu akamjibu hapo hapo: "Cheka, cheka tu. Weye hauyazama bado." Yule shemeji alikula harusi nzima bila kurudia neno.

Sababu nilipewa na bibi yangu, mama wa mama, na yeye aliipata kwa baba yake mzazi, kwa kuwa baba yake alikuwa ndani ya meli.

Ilikuwa vita ya kwanza ya Wazungu. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Badachi, walikuwa na meli za chuma zenye mizinga juu ya ziwa hili hili tunalofulia nguo. Meli zile zilikula kuni, na kuni haziendi zenyewe motoni. Basi wakachukua vijana wa pwani, wengine kwa nguvu, wengine kwa chumvi na kitambaa. Baba wa bibi na mdogo wake walichukuliwa siku moja na kuwekwa chumba kimoja, chini kabisa, kwenye moto. Mmoja alitupa kuni, mwingine alibeba majivu kwenda kuyamwaga nje. Wakichoka walibadilishana.

Siku meli ilipopigwa, yule mzee, kijana wakati huo, alikuwa juu na ndoo yake ya majivu. Upepo ulimrudishia majivu usoni, na bado anajipangusa macho ndipo meli iliporuka chini ya miguu yake. Boti ndogo za maadui zilikuwa nyuma zikipiga. Kombora liliingia upande wa chumba cha moto na mvuke ukatoka ukilia. Akakimbilia mlango wa chuma, ule wa kwenye sakafu, akaushika, ukamchuna viganja, haukufunguka. Ndani akasikia beleshi. Mdogo wake alikuwa akigonga chuma kwa beleshi. Ko. Ko. Ko. Polepole, bibi alisema, kama mtu anayejua kuwa mwenzake yuko upande wa pili na atafungua.

Meli ikalala ubavu, ikashuka na sauti ile ndani yake.

Waliobaki walishikilia kuni. Kuni za meli zilikuwa zimetapakaa juu ya maji, Mzungu na mtu mweusi wakashika gogo moja, kila mmoja akilia kwa lugha ya mama yake. Maadui wakaja wakawaokota. Wazungu wakapewa nguo kavu. Weusi wakapewa mizigo ya kubeba. Hasira inanipanda kila nikifika hapa, mnisamehe. Msomi mmoja aliwahi kuniambia kwamba meli zile zote zimeandikwa, urefu, mizinga, makapiteni, hata vilipo vyuma vyake leo. Nikamwuliza, na yule wa beleshi? Akasema hilo hajakutana nalo. Hajakutana nalo! Nikamwacha na soda yake.

Mzee alirudi kwa miguu baada ya miezi mingi. Mama yake alikuwa anaanika mihogo. Alimwona mmoja akija njiani, akasimama kungoja wa pili atokee nyuma yake. Akangoja. "Tulikuwa chombo kimoja," mwanawe akamwambia. Yule mama akaingia ziwani na unga wa mihogo mikononi, mpaka magotini, akaapa mbele ya majirani kwamba maji hayatachukua tena watoto wawili wa tumbo moja katika nyumba yake, kwa sababu yeye hatawapa nafasi.

Bibi akisimulia alikuwa anagonga ubao wa kitanda kutuonyesha lile beleshi. Nilijikojolea zaidi ya mara moja, nasema wazi. Nilikuwa mwoga wa maji tangu hapo na mpaka leo ni mwoga. Sheria ile ya familia ilikuwa dawa yangu, nikiifuata nalala vizuri.

Halafu nikaolewa na mwalimu wa Sange, mtoto wa wakulima wa mpunga, mtu wa nchi kavu kabisa, hajui hata kuogelea. Yeye alikuwa na sheria yake, na sheria yake ilitoka pia vitani. Alipokuwa mdogo, vita moja ya Bonde la Ruzizi iliwatoa nyumbani. Baba yake akagawa watoto mafungu mawili, hawa wapite barabarani na mama, wale wapite mashambani na mjomba, tutakutana mbele. Fungu la mjomba halikufika. Ndani yake kulikuwa na dada yake mdogo. Hakuna aliyemzika, hakuna aliyemwona amekufa. Mpaka leo mume wangu akikutana sokoni na mwanamke wa umri ambao dada yule angekuwa nao sasa, anamtazama masikio, kwa sababu dada yake alikuwa na sikio moja lenye kovu. Nimeshamfokea mara ngapi! Wenye wake wanadhani anawatongozea.

Basi kwake, vitani watu hawaachani. Mkifa mfe pamoja, mkipona mpone pamoja. Tuliwahi kucheka jambo hili kitandani, tukapatana kwamba kwenye nchi kavu tutafuata sheria ya Sange, kwenye maji tutafuata ya kwetu. Tulizaa msichana, kisha mvulana. Hatukuwahi kusafiri wote kwa boti, basi hakuna sheria iliyogongana na nyingine. Maisha yalikwenda. Mimi nashona nguo, yeye anafundisha, mama yangu mjane akaja kukaa nasi.

Wakati vita ilipokuja juzi hii kutoka upande wa Bonde, ilianza na ndugu wa mume wangu. Walifika kutoka Sange na magodoro kichwani, wakalala sebuleni, kwenye vitambaa vyangu vya kushona. Kesho yake wakasema hata hapa si pa kukaa, wakaendelea mbele. Mabomu yalikuwa yanasikika, kwanza kama mtu anashusha magunia mbali, halafu madirisha yakaanza kuitika. Shule zikafungwa. Mume wangu akaenda Kavimvira kuona kama mpaka wa Burundi unapitika. Akarudi amepoteza kiatu kimoja. "Kule batu banakanyagana," akasema. "Na batoto hapana."

Ikabaki ziwa.

Sijui niwaelezeje hofu yangu ya mchana ule. Miguu yangu ilitembea kwenda Kalundu, bandarini, lakini mimi mwenyewe sikuwa ndani yake. Nilikuwa nimemshika msichana wangu, ana miaka tisa, na yeye ameshika kitenge changu kwa ngumi. Mvulana alikuwa mgongoni kwa mama yangu ingawa ni mkubwa wa kubebwa. Mume wangu mbele na begi. Mchangani kulikuwa na watu wengi, sufuria, mbuzi, mgonjwa juu ya kitanda, wote wanasukumana kuelekea majini. Risasi zilikuwa juu, milimani. Boti mbili za mbao zenye injini zilikuwa zimebaki, moja ya bluu, moja nyeupe, na mwenye boti ya bluu alishaanza kupiga watu mikono wasizidi.

Mume wangu akasema, "Twende, sisi wote, ya bluu." 

Mama yangu akasimama pale pale. "Wote? Wapi? Mutoto moja hapa, mutoto moja kule."

"Mama, leo hapana," mume wangu akamwambia.

"Leo njo siku yenyewe!" Kwa mama, hiyo ndiyo ilikuwa siku ya sheria.

"Mutoto wangu hatoke mu macho yangu," mume wangu akasema. Sikuwahi kumsikia akimpandishia mama yangu sauti. Alikuwa anamwita mama kwa adabu kila siku, na kumletea maji ya kunawa.

"Macho yako itafanya nini mu mayi?" mama akamwuliza. "Utabaangalia bote babili banaenda chini? Njo unataka?"

"Minye nilishapoteza mutu juu ya kugawanya batu!"

"Na siye tulipoteza juu ya kubaweka pamoja!"

Watu walitugeukia. Mwanamke mmoja akatutukana, akasema tupishe kama hatupandi. Mwenye boti ya bluu akapiga kelele: "Munapanda ao hamupande?" Na wote wawili, mama yangu na mume wangu, wakanitazama mimi.

Nilikuwa na akili mbili na zote mbili zilikuwa hofu. Nikimtazama mume wangu naona barabara ya Sange, mafungu mawili, na moja halifiki. Nikimtazama mama nasikia chuma kikigongwa. Bomu likaanguka nyuma ya soko, karibu kuliko yote, ardhi ikatikisika, watu wakalala mchangani. Nilipoinuka nilikuwa nimeshaamua, au mdomo wangu ulikuwa umeshaamua. Nikasema: "Mukubwa aende na papa yake. Mudogo na minye na mama. Boti mbili."

Msichana hakulia. Alinitazama tu. Kitenge changu hakukiachilia, nikavifungua vidole vyake mimi mwenyewe, kimoja kimoja, nikamkabidhi baba yake. Mume wangu alimpokea bila kunitazama usoni. Akambeba begani mpaka majini, na wakapanda ya bluu.

Sisi tukapanda ile nyeupe. Mwanzo tulikwenda karibu karibu, nikimwona msichana wangu ameketi juu ya gunia, amenipa mgongo. Nilimwita. Injini zilikuwa na kelele, labda hakusikia. Halafu upepo ukaamka, maji yakaanza kuingia, tukayachota kwa sahani na mabeseni, kila mtu na alichonacho, wengine kwa viatu. Boti yao ilikuwa imezama chini sana kwa uzito, nilikuwa naona vichwa tu, halafu sioni, halafu naona. Injini yetu ikakohoa ikazimika. Ilipowaka tena, mwenye boti akasema anakwenda upande wa Burundi, hawezi kupigana na mawimbi ya kusini. Wao walikuwa wamefuata ufukwe kwenda kusini. Nikatafuta rangi ya bluu kila upande mpaka macho yakauma. Mama yangu alikuwa anasali kwa sauti na mvulana anamtapikia mabegani.

Tulifika Rumonge usiku umeshaingia. Sikuwa na habari yao. Simu ya mume wangu haikuita. Asubuhi, watu waliokuwa wamelala pwani pamoja nasi wakaanza kusema kuna boti imezama. Mtu anasema kwa mwenzake, mwenzake anaongeza, na kila akipita mmoja boti inakuwa kubwa zaidi na waliokufa wanakuwa wengi zaidi. Nilikwenda kwa kila aliyezungumza. Boti gani? Hawajui. Imetoka wapi? Huko huko. Nikataka kuwachapa makofi.

Mchana wavuvi wakawaleta waliookolewa. Wakakaa mchangani wamefungwa vitenge vya watu wasiowajua. Nilikuwa nimesikia habari ya watu wa namna hii tangu utotoni, wale walioshika kuni, lakini sikujua kwamba hawalii. Walikaa tu wanaangalia miguu yao. Mwanaume mmoja alikuwa anafunga na kufungua mikono. Mwanamke mmoja alikuwa na kitambaa cha kubebea mtoto bado kimefungwa kifuani, fundo lake lipo, na mgongoni hamna mtu. Nikapita nyuso zote. Hawamo. Nikapiga magoti mbele ya yule mwanamke, kwa kuwa yeye ndiye aliyeinua kichwa, nikamwuliza boti yao ilikuwa rangi gani.

"Kijani," akasema.

Nikasema, "Asante Mungu!" Nikasema kwa sauti, mikono juu, mbele yake. Alinitazama vile vile tu. Mama yangu ndiye aliyekuja kuninyanyua, na akamvika yule mwanamke sweta yake mwenyewe.

Siku zilizofuata sikula vizuri wala sikulala. Nilitembea na simu mkononi nikitafuta rezo, yaani mtandao, napanda mawe, nasimama juu ya ndoo. Nilikuwa namwomba Mungu bila adabu, namwambia kama umenichukulia mmoja sema basi nijue. Nilimchukia mama yangu. Halafu namchukia mume wangu kwa kutokupiga. Mvulana akiniuliza dada yuko wapi namwambia Baraka, kwa sababu ndiyo kusini niliyoijua.

Ilikuwa Baraka kweli. Mume wangu alipiga kwa simu ya mtu. "Tuko," akasema, na mimi nikaketi chini barabarani, pikipiki zinanipitia. Mama yangu alipiga vigelegele mpaka watu wakadhani kuna harusi. "Umeona?" akasema. "Umeona? Bote babili!" Nikasema ndiyo, nimeona. Nilikuwa tayari kusema ndiyo kwa chochote.

Nikaomba niongee na msichana. Mume wangu akasema amelala. Ilikuwa saa nane mchana. Nilipopiga kesho yake alikuwa amelala tena, na kesho kutwa anaoga. Nikajua hataki, lakini nikasema moyoni ni mtoto, ameogopa, tukikutana itaisha.

Tulikutana Baraka baada ya wiki kadhaa, mjini kwetu kulipotulia, utulivu ule wa kulala na viatu. Tulivuka ziwa kwa meli ya mizigo. Nilimkimbilia. Akanisalimia, "Karibu, mama," kwa heshima, kama unavyomsalimia mgeni wa baba, akanipokea mfuko wangu. Mdogo wake akamrukia shingoni, na huyo akambeba, akacheka naye. Kwangu alikuwa mpole tu. Alinichotea maji ya kuoga. Mume wangu naye alikuwa hivyo hivyo. Tukala wali, tukazungumza bei ya mafuta.

Safari ya kurudi Uvira ilibidi iwe ya boti tena, kwa sababu barabara ya Makobola haikuwa ya kuamini. Tukashuka pwani mapema. Boti zilikuwa mbili, zote zinapakia. Mama yangu akatazama boti, akanitazama mimi, akafungua mdomo. Mume wangu akasema kabla yake: "Leo minye siongee. Amua weye."

Msichana akainua begi lake, akaliweka kichwani, akaanza kwenda kuelekea ile boti ya mbali, peke yake.

"Unaenda wapi?" nikamwita.

Akageuka. Hakuwa na hasira. "Kwa ile ingine," akasema. "Si minye njo wa kuzama?"

Mama yangu akashika mdomo. Nilitaka kusema hapana, haikuwa hivyo, ni sheria ya zamani, ni kwa ajili ya kuwaokoa, wote wawili mko sawa tumboni mwangu. Lakini mtu akigawa watoto ili abaki na mmoja, mmoja wao ndiye wa kubaki, na mtoto wa miaka tisa alikuwa ameshaipiga hesabu hiyo akiwa juu ya gunia, amenipa mgongo. Nilimfuata, nikalichukua begi, nikamshika mkono na kumrudisha, nikapanda naye boti ya karibu, nikamwita mdogo wake, nikamwita baba yao. Mama yangu alibaki mchangani akitikisa kichwa, akaja na boti ya pili.

Safari nzima nilikuwa nao wote wawili, mmoja huku, mmoja huku, na mawimbi yakipiga ubao. Nilikuwa nahesabu ni nani nitamshika kwanza. Nikimchagua mmoja, naanza kuhesabu upya.

Karibu na Makobola msichana akanitazama usoni.

"Mama, unaogopa?"

Nikamwambia ndiyo, naogopa sana. 

"Ata minye," akasema. Nikampa mkono wangu. Akautazama, na mikono yake akaiweka chini ya mapaja.